Namba za YouTube Hazipandi Bajaji

Miksi nyingi ninazoletewa na ma-DJ wenzangu wa hapa Mtwara, na wachache wa Lindi, huwa zimepigwa vizuri na kumaliziwa vibaya. Mapigo yamelingana, nyimbo zimepangwa kwa akili, na mahali pa kuingizia wimbo unaofuata pamechaguliwa na mtu anayewajua watu wake. Lakini ukilisikiliza faili lenyewe kuanzia mwanzo hadi mwisho, mkono wako hautoki kwenye kitufe cha sauti. Wimbo mmoja unanong'ona, unaofuata unafoka, na wa tatu unakuja na besi inayofunika kila neno la mwimbaji. Au mambo huwa kinyume chake: kila kitu kimebanwa mpaka kimekuwa na kimo kimoja, na baada ya robo saa msikilizaji anachoka bila kujua amechoshwa na nini.

Ninachoshikilia ni kwamba kusawazisha sauti ya miksi ni kazi ya sikio na mkono kabla ya kuwa kazi ya mashine. Kompresa na limita, zile mashine za kubana sauti inayozidi, zina nafasi yake, lakini zinapaswa kuikuta sehemu kubwa ya kazi imekwishafanywa. Na kile kiwango cha mwisho cha sauti, ambacho watu hukibishania sana, hakiwezi kuchukuliwa kama kilivyo kutoka kwenye maelekezo ya YouTube au Spotify, kwa sababu miksi za huku kwetu haziishi huko. Zinaishi kwenye flashi.

Flashi moja hupita mikono mingi. Leo iko kwenye bajaji inayotoka sokoni kwenda Shangani, kesho iko kwenye duka la vifaa vya simu, na wiki ijayo utaisikia kwenye basi la Newala au la Masasi. Msimu wa korosho ukifunguliwa, kuanzia mwezi wa kumi, fedha zikaanza kuzunguka vijijini, miksi hiyohiyo itapigwa uwanjani kwenye sherehe, kwa spika zilizopandishwa moja juu ya nyingine. Kati ya mahali pote hapo, hakuna penye utulivu. Injini ya bajaji au ya basi hutoa mngurumo wa chini usiokatika, na mngurumo huo hufunika besi kwanza, kisha hufunika kila sehemu ya wimbo ambayo mwenye wimbo alitaka iwe laini. Msikilizaji huongeza sauti ili asikie hiyo sehemu laini. Kiitikio kikiingia, spika zinakoroma.

Kwa hiyo siwezi kuungana na wale wanaosema kwamba miksi iachwe na kupanda na kushuka kwake kote, kama nyimbo zilivyotoka studio. Ushauri huo unamfaa mtu aliyeketi sebuleni na spika nzuri. Abiria wa basi la Masasi hana sebule. Lakini kutoka hapo hadi kubana kila kitu ni safari ndefu, na ufundi wote uko katikati.

Sikio lenyewe nalo lina tabia zake, na anayemalizia miksi hana budi kuzijua. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson, watafiti wa maabara za Bell nchini Marekani, walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba sikio la binadamu halisikii masafa yote, kuanzia ya chini ya besi hadi ya juu, kwa usawa, na kwamba kadiri sauti inavyopungua ndivyo besi inavyofifia kuliko masafa ya kati. Ndiyo maana ukigusa besi ya miksi usiku, kwa sauti ya chini ili usiwaamshe watoto, utaiongeza kupita kiasi, na uwanjani itakuaibisha. Na ukiifanyia kazi kwa kishindo utaipunguza mno, kisha kwenye redio ndogo ya dukani isikike nyembamba. Mimi huchagua kiwango kimoja cha kati, ambacho ninaweza kuzungumza na mtu aliyeketi pembeni yangu bila kupaza sauti. Nimekiwekea alama ya kalamu kwenye kitufe cha spika, na kitufe hicho sikigusi mpaka kazi iishe.

Kuhusu kurekodi sitakawia. Katika sauti ya kidijitali kuna dari, nayo ni sifuri ya desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti. Wimbi linalotaka kupita hapo hukatwa kichwa, na kichwa kilichokatwa hakirudi hata ukishusha sauti baadaye. Utakachopata ni mkwaruzo uleule kwa sauti ndogo. Acha vilele vya juu kabisa viishie kama desibeli 6 chini ya dari, wala usiogope kwamba kurekodi chini kutakuletea mchakacho, maana hofu hiyo ni ya enzi za kaseti. Rekodi ya biti 16, kama ile ya CD, ina takriban desibeli 96 kutoka dari hadi sakafu, na ya biti 24 ina takriban 144, kwa hiyo hizo 6 ulizoacha juu hutazikumbuka. Tatizo la kweli ni mvumo wa umeme. Umeme wetu huenda kwa mitetemo 50 kwa sekunde, na kompyuta mpakato iliyochomekwa chaja huku imeungwa kwenye miksa mara nyingi huingiza mvumo wa masafa hayo, pamoja na ya 100 na 150. Wakati ngoma inapiga hutausikia; wimbo ukinyamaza kidogo kabla ya kiitikio utausikia waziwazi, na kila desibeli utakayoiongeza baadaye itauongeza na huo mvumo. Kama betri ya kompyuta yako bado inafaa, rekodi kwa betri.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe.

Chanzo kikubwa cha sauti kuyumba ndani ya miksi ni umri wa nyimbo. Watu wa huku wanapenda kuchanganyiwa. Katika saa moja wanataka zilipendwa, wanataka taarabu, wanataka Bongo Fleva ya mwaka huu, na mwisho wanataka singeli. Nyimbo za dansi zilizorekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam miaka ya 1970 zilitengenezwa wakati ambapo hakuna aliyeshindana kwa kelele: ngoma inapanda juu kwa kilele kirefu, halafu gitaa na sauti za waimbaji zinakaa chini kabisa ya kilele hicho. Kuanzia miaka ya 1990 studio za dunia nzima zilianza kukimbizana kuongeza wastani wa sauti, kila mmoja akitaka wimbo wake usikike kuliko wa jirani, na nyimbo za leo zinatoka zikiwa zimejazwa karibu na dari tangu mwanzo hadi mwisho. Ukiziweka nyimbo hizo mbili kwenye programu ya kuhariri, vilele vyao vinaweza kulingana kabisa, na bado mmoja ukasikika mkubwa maradufu kuliko mwenzake.

Hapo ndipo wengi wanapopotea. Wanabonyeza amri ya kulinganisha vilele, programu inatii, na tofauti inabaki palepale, kwa sababu sikio halipimi kilele bali linapima wastani. Kipimo kinachojaribu kufuata sikio ni kile kiitwacho LUFS, ambacho msingi wake uliwekwa na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ya Simu, ITU, mwaka 2006. Hicho hupunguza uzito wa besi ya chini kabisa, huongeza kidogo uzito wa masafa ya juu, kisha hutoa wastani wa muda unaoutaka. Mashirika ya utangazaji ya Ulaya yalikichukua mwaka 2010 na kuweka kiwango chao kuwa hasi 23, yaani 23 chini ya dari. Audacity, ambayo ni programu ya bure na inayofunguka hata kwenye kompyuta dhaifu, inaweza kusawazisha sauti kwa kipimo hiki, kwa hiyo hakuna sababu ya mtu yeyote kuendelea kulinganisha vilele.

Kwa hesabu za jumla, wimbo wa dansi wa zamani unaweza kukaa kwenye hasi 17 au 18, na wa kisasa kwenye hasi 9 au 8. Tofauti ni desibeli 9 hivi, na desibeli 10 ni karibu mara mbili ya ukubwa wa sauti kwa sikio la kawaida. Jambo la kwanza linalokuja akilini ni kumpandisha mnyonge. Haliwezekani kwa urahisi, maana vilele vya wimbo wa zamani tayari viko karibu na dari. Ukiupandisha desibeli 9 ngoma zake zitakatwa vichwa, na mchakacho wa kaseti uliokuwa umejificha utapanda nao. Mimi huanza kwa kuwashusha wenye kelele. Wimbo wa kisasa unateremka desibeli 5 au 6, wa zamani unapanda 2, na tofauti ndogo inayobaki ninaiacha makusudi. Miksi nzima sasa iko chini kuliko inavyotakiwa, na hilo lisimtie mtu wasiwasi, kwa sababu kuipandisha yote kwa pamoja ni kazi ya mwisho na ni rahisi.

Hata hivyo mita ya LUFS isiwe na neno la mwisho. Msikilizaji wetu hufuata maneno. Katika taarabu na katika dansi la zamani, mwimbaji yuko mbele na besi ni nyepesi; katika Bongo Fleva nyingi za leo besi na ngoma ya mguu vinakula nafasi kubwa ya wastani huo, na mwimbaji anakaa katikati yao. Ukizilinganisha kwa LUFS peke yake, sauti ya mwimbaji wa taarabu itaruka mbele kana kwamba amesogea kwenye kipaza sauti. Kwa hiyo ninapima kwanza kwa mita, kisha ninasikiliza mstari wa mwisho wa mwimbaji anayetoka na mstari wa kwanza wa mwimbaji anayeingia, nikirudia mara kadhaa, nimefumba macho ili nisiongozwe na picha ya wimbi. Waimbaji wakishalingana, ninaitazama besi. Kwa kawaida taarabu huishia desibeli 1 au 2 chini ya pale mita inapotaka iwe.

Kuna sehemu moja ya miksi ambayo nitaizungumzia kwa kirefu kuliko nyingine, nayo ni ule mkutano wa nyimbo mbili. Nyimbo mbili zenye nguvu sawa zikipigwa pamoja huongezeka kwa takriban desibeli 3, na pale mapigo yake yanapoangukia mahali pamoja kabisa, hasa ngoma ya mguu, ongezeko linaweza kukaribia desibeli 6. Maana yake ni kwamba kila makutano ya miksi yana kinundu. Sauti inavimba kwa sekunde 20 au 30, halafu wimbo unaotoka ukiondolewa inanywea ghafla. Na hunywea wakati gani? Wakati uleule wimbo mpya unapobaki peke yake, pale ambapo ungetaka watu wapige kelele. Unakuwa kama mgeni aliyeshangiliwa mlangoni, kisha akaachwa amesimama katikati ya ukumbi bila kiti.

Dawa yake haimo kwenye kompresa. Programu nyingi za kuhariri zina mstari wa sauti unaoweza kuuwekea vitone na kuuvuta juu au chini. Ninaweka kitone cha kwanza kabla tu wimbo mpya haujaanza kusikika, cha pili katikati ya makutano, nikikivuta chini desibeli 2 au 3, na cha tatu pale wimbo unaotoka unapokwisha, nikirudi juu. Cha nne ndicho chenye utamu: ninakiweka mwanzo wa ubeti au wa kiitikio cha wimbo mpya, nikikiongeza nusu desibeli au desibeli 1 juu ya usawa, kisha ninakishusha taratibu kwa muda wa mistari minane hivi. Hakuna msikilizaji atakayekuambia kwamba sauti imeongezeka, kwa sababu desibeli 1 iko karibu na mpaka wa kile ambacho sikio linaweza kukitambua. Atakuambia tu kwamba wimbo umeingia vizuri.

Besi mbili zikikutana, mstari wa sauti hausaidii. Aliyerekodi alipaswa kuitoa besi ya wimbo mmoja kwenye miksa kabla ya kuiingiza ya mwingine, na kama hakufanya hivyo unaweza kupunguza masafa yaliyo chini ya mitetemo 100 kwa sekunde kwa ekolaiza katika sekunde hizo tu. Na ikiwa ngoma za mguu za nyimbo mbili zimepishana kidogo, zikawa zinafutana, utasikia besi ikipotea na kurudi; hilo halina tiba kwenye uhariri. Rudia kupiga kipande hicho.

Baada ya mkono kumaliza ndipo kompresa inapoitwa. Kazi yake ni kushusha kinachopita kizingiti fulani, kwa uwiano fulani, na jinsi inavyoshika haraka na kuachia haraka ndiko kunakoamua kama miksi itapumua au itakabwa. Tukumbuke kwamba kila wimbo ulikwishabanwa studio kabla haujatufikia. Uwiano wa 1.5 kwa 1, au 2 kwa 1 kwa mwenye haraka, unatosha kabisa, na sindano inayoonyesha kiasi cha kubana isizidi desibeli 2 pale penye nguvu zaidi. Muda wa kushika ninauweka karibu milisekunde 30, ili kichwa cha ngoma kipite kwanza kabla kompresa haijafunga mkono. Ukiuweka milisekunde 1 kila pigo linapoteza ncha yake, na singeli isiyo na ncha ni kelele tu.

Muda wa kuachia ndio unaowashinda wengi, na singeli ndiyo inayouumbua. Chukua wimbo unaokwenda mapigo 240 kwa dakika, ambao kwa singeli si wa ajabu. Kati ya pigo na pigo kuna robo sekunde, yaani milisekunde 250. Kompresa iliyowekewa kuachia kwa milisekunde 400 haiwahi kuachia. Pigo la pili linaikuta bado imekaza, la tatu vilevile, na mwisho wake umeshusha sauti ya wimbo mzima bila kusawazisha chochote. Wimbo wa amapiano wa mapigo 112 una zaidi ya nusu sekunde kati ya pigo na pigo, na milisekunde zilezile 400 zinaukaa vizuri. Kwa hiyo mpangilio mmoja hauwezi kutumikia miksi inayoanza na rumba na kuishia na singeli. Ninaikata miksi vipande vitatu au vinne kwa kadiri ya mwendo, ninaipa kila sehemu muda wake wa kuachia, na mipaka ya vipande ninaiweka ndani ya wimbo uliotulia, kamwe si kwenye makutano.

Amapiano nayo ina mtego wake, na huo unakuja kwenye limita. Ile besi yake ya kugonga, inayoitwa logi dramu, hushuka kwa uzito mkubwa na kukaa muda mrefu kuliko ngoma ya kawaida. Limita iliyosukumwa sana huiona logi dramu peke yake. Kila inapogonga, limita inashusha kila kitu kilichopo, mwimbaji, vinanda na njuga, halafu inaviachia vinapanda tena. Sikiliza njuga za juu peke yake, usisikilize besi: kama zinazama na kuibuka kwa kufuata besi, umesukuma mno. Kwenye spika za uwanjani mchezo huo unaweza kupita bila kutambuliwa. Kwenye simu, ambayo spika yake ndogo haitoi besi hiyo kabisa, msikilizaji anasikia mwimbaji anayezimwa na kuwashwa bila sababu yoyote. Mara nyingi ninapunguza masafa ya chini ya wimbo huo desibeli 1 au 2 kabla ya limita, na tatizo linaisha bila limita kujua.

Neno moja kuhusu jingo na maneno ya DJ mwenyewe, maana huku kwetu miksi bila jina la mwenyewe ni mali ya kila mtu. Sauti ya kusema haihitaji kuwa kubwa, inahitaji nafasi. Shusha muziki desibeli 3 au 4 chini yake, uanze kushusha nusu sekunde kabla ya neno la kwanza, na uurudishe polepole. Wapo wanaotumbukiza jingo katikati ya kiitikio kwa sauti inayozidi wimbo. Sijawahi kuelewa wanamtangazia nani.

Tubaki sasa na lile swali la kiwango cha mwisho. Ushauri unaosambaa ni kuishusha miksi kwenye hasi 14, kwa sababu Spotify kwa kawaida hulinganisha nyimbo kwenye kiwango hicho, na YouTube huteremsha kilicho juu ya hapo. Ni ushauri wa kweli kwa mahali pake. Miksi ya hasi 8 ukiipandisha YouTube itashushwa desibeli 6 hivi, na kila ulichokiua kwa limita ili kuifikisha hapo kitakuwa kimekufa bure. Lakini redio ya bajaji hailinganishi chochote. Nilimpa miksi ya hasi 14 kijana mmoja anayeendesha bajaji ya Mikindani, na alipopita nyumbani nikamuuliza inakwendaje.

"Imetulia, kaka, tena ile ya zamani na ile mpya zimekaa sawa kabisa, sigusi kitu," akasema. "Ila ikija baada ya ile ya Dar, inakuwa imelala."

"Ukiongeza sauti je?"

"Nikiongeza inaamka. Ila ile ya Dar ikirudi, abiria anataka kushuka."

Hakuna mita itakayoeleza jambo hilo vizuri zaidi. Kwenye flashi miksi yako inapangwa foleni na mafaili ambayo hukuyatengeneza wewe, na mengi yako kwenye hasi 8 au hata juu zaidi. Ukikaa hasi 14 unapotea kwa desibeli 6. Ukiwafuata hadi hasi 8 unaingia kwenye mbio ambazo mshindi wake ni yule aliyeharibu zaidi. Nimetulia kwenye hasi 10 na nusu hivi kwa nakala ya flashi. Tofauti inayobaki, desibeli 2 au 3, dereva anaivumilia, na kwa kuwa ncha za ngoma hazijakatwa, miksi inasikika hai kuliko jirani zake hata kama mita inasema iko chini. Ili kufika hapo limita yangu haizidi kubana desibeli 3 kwenye vilele vikali, na sehemu kubwa ya miksi haiguswi kabisa. Kama inanibidi kubana zaidi ya hapo, ninarudi kwenye mstari wa sauti kutafuta wimbo uliobaki juu ya wenzake, na karibu kila mara ninaupata.

Jambo ambalo kipimo cha wastani wa saa nzima hakikuambii ni mwelekeo wa miksi. Saa moja yenye kiwango kilekile dakika zote inachosha, hata kama kila wimbo umesawazishwa kwa haki. Ninaziacha dakika za mwanzo desibeli 1 na nusu chini ya dakika za mwisho, na nyimbo za polepole zilizo katikati ninaziteremsha kidogo kuliko sikio linavyodai, ili wimbo wa kuinua watu ukifika uwe na mahali pa kupanda. Dereva wa bajaji hatalalamika, kwa sababu mteremko wa namna hiyo unachukua dakika nyingi na mkono wake hauna pa kuushika.

Kabla ya kutoa nakala, ninaisikiliza miksi kwa mono, yaani upande wa kushoto na wa kulia vikiwa vimeunganishwa kuwa kimoja. Redio nyingi za bajaji zina spika moja iliyo hai na nyingine iliyokufa, na baadhi ya nyimbo za zamani zilizotengenezwa stirio ziliweka gitaa upande mmoja na waimbaji upande mwingine. Ukikosa upande, unakosa wimbo. Nyimbo za namna hiyo ninazisogeza katikati kabisa.

Dari la limita liwe hasi 1, lisiwe sifuri, kwa sababu faili likigeuzwa kuwa MP3 vilele hubadilika na baadhi huruka juu ya pale vilipokuwa. Saa moja ya MP3 ya kilobiti 320 kwa sekunde inachukua kama megabaiti 144, nayo inatosha kwa flashi yoyote, na redio za bei nafuu zinaisoma bila ubishi. Rekodi ya asili ya biti 24, ambayo kwa saa moja inakaribia megabaiti 950, pamoja na ile iliyosawazishwa kwa mkono kabla ya kompresa na limita, ninazihifadhi zote mbili kwenye diski ya nje. Mwenye ukumbi wa Lindi anayeniagiza miksi kwa ajili ya spika kubwa hapewi nakala ya bajaji. Anapewa ile ya mkono, isiyo na limita, iliyo chini kwa desibeli kadhaa na yenye ncha zake zote, na sauti ataiongeza mwenyewe kwenye amplifaya yake.